Tope Jekundu Chini ya Pikapu

Heru Juu, Kasulu

Mjukuu wangu Neema,

Mwakeye, habari za huko Dar es Salaam? Huku tu wazima, maharage yametoka vizuri, na shangazi yako kajifungua mtoto wa kike mwenye kelele kukushinda wewe.

Umeuliza kama upake rangi tu juu ya kutu iliyo chini ya gari ulilonunua. Ngoja nikusimulie.

Ujanani babu yako alikuwa na pikapu ya kubebea maharage kutoka Titye. Madereva wa huku waliamini tope likikaukia chini ya gari linalikinga na mawe, kwa hiyo hakuna aliyeosha chini. Na udongo wetu ulivyo mwekundu, nani angeijua kutu? Siku moja tukiwa safarini nikahisi upepo miguuni. Kutazama, naona barabara inakimbia kati ya viatu vyangu! Babu yako akasimama, akagonga tope kwa nyundo, likaanguka pamoja na sakafu. Tulicheka mpaka tukaketi chini.

Tangu hapo, kila kiangazi aliosha, akakwangua hadi chuma king'ae, akapaka rangi ya kuzuia kutu, na ilipokauka akapaka oili chafu. Nyumba nzima ilinuka. Hata leo nikiisikia harufu ile, namtafuta kwa macho.

Kwangua kwanza, mama. Ukiipaka rangi kutu, umeipa shuka ijifunike.

Ukija na gari lako, usinikimbilie kunikumbatia. Nitainama kwanza nitazame chini, maana aliyekuwa akiinama hayupo.

Bibi yako