Jina la Mdogo Wake Flora

Makambako, Jumapili

Mwanangu Alois,

Sisi hatujambo. Mama yako amekwisha kuvuna njegere, na baridi imepungua. Natumaini biashara ya dagaa huko Manda inakwenda vizuri.

Binti yako Flora anajifunza sayari shuleni. Jana tulipokuwa tukila alisema kwamba, kwa kuwa upana wa Mirihi ni karibu nusu ya upana wa Dunia, Mirihi mbili zingeijaza Dunia. Nikamwagiza afinyange tonge kubwa la ugali, kisha madogo yenye nusu ya upana wake. Yalihitajika manane kulifikia lile kubwa.

"Mh! Babu, kumbe nusu si nusu!"

Nikamweleza kwamba Mirihi imezidi nusu kidogo, hivyo zingetosha sita na ushei. Utaridi, iliyo ndogo kuliko zote, zingehitajika kama kumi na nane.

Kisha akauliza, "Utaridi ni kadogo hivyo na kana jina. Mbona mdogo wangu hana?"

Mama yako aliinuka akatoka nje.

Alois, uliondoka siku ya pili baada ya kumzika mkeo pamoja na mtoto aliyemzaa, nasi hatukukulaumu. Msalaba wa Scholastica umekwisha kuandikwa. Fundi anauliza aandike nini kwenye ule mdogo. Katika ukoo wetu baba ndiye ampaye mtoto jina, nami sitakunyang'anya haki hiyo.

Njoo. Ukishindwa, piga simu umtajie Flora jina.

Ni mimi baba yako,
Yonathani