Utando Chini ya Nailoni

Mbinga, Alhamisi. Ukungu na baridi.

Wasomaji wangu, naomba radhi kwa kutoandika hapa tangu Pasaka. Darasani nimewakaripia wengi kwa uvivu, lakini kilichonizuia kuandika si uvivu. Ni aibu.

Siku chache baada ya Pasaka, nyumbani Mbamba Bay, mke wangu alichanwa mguu na waya wa kichanja anachoanikia usipa, dagaa wa ziwa letu. Kilikuwa kidonda kidogo. Nilifanya kama wengi wetu: nilipasua kidonge cha antibiotiki, kile cha rangi mbili, nikanyunyiza unga wake, nusu asubuhi, nusu jioni. Kisha nikafunga mfuko wa nailoni, maji ya ziwa yasiingie.

"Mwalimu, umeacha chaki umeshika udaktari," alinitania. "Ukiniua, nani atakupikia?"

Nilimwambia atulie.

Sasa amelazwa hapa Mbinga, na dawa tatu za hospitali zimeshindwa. Kidonda kinang'aa kwa ute usiokwisha. Huku juu ni baridi. Mguu wake tu ndio wa moto.

Leo Odilia wa maabara, niliyemfundisha darasa la sita, aliniita kando.

"Shikamoo, Mwalimu. Utanisamehe, leo mimi ndiye ninayeuliza. Alimaliza dozi?"

"Marahaba. Hapakuwa na dozi."

Alinieleza kwamba bakteria hao wamejenga utando, wamebanana humo jamii mbalimbali. Wakikaa hivyo hupeana vinasaba. Aliyejifunza kuishinda dawa humgawia jirani asiye hata wa ukoo wake. Hali ya mahali inaweza kuharakisha jambo hilo: joto, unyevu, chakula, na dawa kidogo isiyoua, inayowashtua tu.

Hakusema kwamba mimi ndiye chanzo. Sikuhitaji aseme.

Niliwafungulia bakteria shule.

Daktari ametoa njia mbili. Kidonda kikwanguliwe na ajaribiwe sindano ya mwisho iliyobaki, au mguu ukatwe sasa chini ya goti. Sindano ikishindwa, huenda goti nalo likaondoka, au yeye mwenyewe.

Nilipomweleza, mke wangu alinitazama bila hofu. "Wewe ndiye msomi. Utakachosema, nitakubali."

Sikumwambia nusu zile za kidonge zilifanya nini. Anauweka mguu wake mikononi mwa mtu yule yule aliyeuharibu, wala hajui.

Je, nina haki gani ya kumchagulia?

Kesho, kabla daktari hajapita wodini, nitamwambia yote. Kisha ataamua yeye, si mimi. Atakapokuwa ameamua, nitaandika.