Kiapo kwa Kichwa cha Kefisio

Athene, siku ya tisa ya mwezi wa Gamelioni

Kwa mama yangu Arkipe, huko Lemno,

Shikamoo Mama. Mimi mzima wa afya, hofu ni kwako na huo mgongo wako. Msalimie Mjomba Diokle, mwambie jibini yake ilifika imeliwa nusu na nahodha, na wala hakuona haya.

Nina habari. Nimechaguliwa kwenye kwaya ya tamthilia ya sikukuu ya mungu Dioniso. Mimi, mchonga mawe, mwenye miguu uliyokuwa ukiiita makasia. Tuko kumi na watano, tunaigiza wazee wa mji. Kazi yetu ni kulia na kutoa ushauri usiosikilizwa na mtu. Hadithi yenyewe ni ya ukoo wa kifalme: babu alifanya kosa, na kosa likamwandama mjukuu mpaka likamkuta. Nilimwambia mwalimu wetu, hao wangehama mapema yasingewapata hayo. Akaniambia nifunge mdomo nijifunze hatua.

Kuna jambo moja dogo. Unamkumbuka Polizelo, yule jirani aliyegombana na marehemu baba kwa ajili ya ukuta wa shamba? Unajua kwaya ni ya raia peke yao, mgeni haruhusiwi. Juzi alikuja mazoezini, akanishika mkono akanitoa mstarini. Ati mimi si mtoto wa baba Mantia wala wako, ati niliokotwa. Watu walicheka, nami nikacheka kuwazidi.

Mwanao,
Kefisio

*

Mirina, Lemno, siku ya ishirini na tano ya Gamelioni

Mwanangu Kefisio,

Marahaba. Sisi hatujambo, mjomba wako anakohoa tu kama kawaida yake. Unakula? Mafundi mawe mnajisahau sana.

Hiyo kwaya iache. Wacheze wenye miguu yao. Na Polizelo usibishane naye hata neno moja. Mpelekee mvinyo, mwambie baba yako alikosea kuhusu ule ukuta, yaishe. Kisha funga mizigo uje huku. Mjomba wako ana shamba na hana mtoto, na mabinti wa huku si wabaya.

Usiniulize kwa nini. Nisikilize mara hii moja.

Mama yako

*

Athene, siku ya kumi na saba ya Elafebolioni

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila nimechoka.

Barua yako imenishangaza. Nikikimbia sasa si ndiyo nimekiri? Na tena umechelewa. Kitongoji kimepiga kura, wameniondoa kwenye orodha ya raia. Nimekata rufaa mahakamani. Sheria unaijua: anayekubali kuondolewa anabaki kama mgeni, maisha yanaendelea. Anayekata rufaa akashindwa, anauzwa utumwani. Usishtuke, sitashindwa, na nitakwambia kwa nini.

Polizelo, katika kujitapa kwake, alisimama mbele ya watu wote akasema: mwanamke hatoi ushahidi mahakamani, lakini hekaluni Delfinio anaruhusiwa kuapa. Basi mama yake Kefisio na aje, aweke mkono juu ya kichwa cha kijana huyu, aape kwamba alimzaa. Akiapa, mimi Polizelo naondoa kesi. Asipokuja, majaji wajue wenyewe.

Mama, nilimjibu hapo hapo, sikungoja hata amalize. Nilisema atakuja. Yule mjinga ameniletea ushindi hadi mlangoni.

Siku iliyopangwa ni ya kumi na sita ya Munikhioni. Panda meli ya Simmia, yule nahodha mla jibini. Nimekuandalia chumba, nimetafuta na mto wa mgongo wako.

Mwanao,
Kefisio

*

Athene, siku ya pili ya Munikhioni

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana sijui niwaze nini.

Meli tatu zimeingia kutoka Lemno, na barua yako haimo. Sikukuu imepita, kwaya imecheza bila mimi. Nilikaa nyuma kabisa, nikawa nazipiga hatua kwa vidole vya miguu.

Kila ninayekutana naye ananiuliza, "Mama yu njiani?" Nasema ndiyo, yu njiani. Mama, u njiani?

Kefisio

*

Mirina, siku ya sita ya Munikhioni

Mwanangu Kefisio,

Sitakuja. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Polizelo amesema kweli, ingawa yeye alikuwa anabahatisha tu. Baba yako alikuwa kambini, vitani. Nilizaa mtoto wa kiume, akaishi siku moja. Mkunga alimchukua kwenda kumzika, akarudi amebeba chungu. Ndani yake ulikuwa wewe. Kuna mtu alikutupa mlimani, na kwa ile baridi sijui ulipata wapi nguvu za kulia. Huyo mtu ni nani, raia au mtumwa, hakuna ajuaye, na mkunga alishakufa. Nilikunyonyesha kabla sijawaza lolote.

Baba yako alirudi siku ya tano, siku ya kumzungusha mtoto mekoni ili akubaliwe kuwa wa nyumba. Hesabu za miezi zilimtatiza. Alinitaka niape kwanza kwamba wewe ni damu yake. Nikaapa, mkono wangu juu ya meko. Baada ya hapo nilizika watoto watatu, Kefisio, wawili hawakufikia hata kupewa majina. Kisha nikamzika na yeye. Miungu waliwachukua wote wa nyumba ile wakakubakisha wewe.

Sasa nije niape tena, na mara hii kwa kichwa chako? Kiapo cha uongo humla aliyeapiwa, nimekiona kwa macho yangu. Nimebakiwa na kichwa kimoja tu duniani, na sitakipeleka madhabahuni.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ningekwambia ukiwa mdogo ungelia siku mbili ukasahau. Niliogopa utaniangalia vingine.

Nakupigia magoti, mtoto wangu. Ondoa rufaa kabla ya hiyo siku. Uwe mgeni, uwe chochote, lakini uwe hai.

Mama yako

*

Athene, gerezani, siku ya ishirini na tatu ya Munikhioni

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, hapa wanatulisha vizuri kwa kuwa tunauzwa.

Barua yako imenifikia jana. Simmia alizuiwa na upepo huko Eubea siku tisa. Alilia mbele yangu, maskini, ikabidi mimi nimbembeleze.

Siku ile nilisimama Delfinio tangu asubuhi mpaka jua likazama. Nilikuwa nimenyoa na kuvaa joho la harusi ya rafiki yangu. Polizelo alikuwepo. Asubuhi alicheka, jioni akanisogelea akasema, "Kijana, mimi nilikuwa natafuta ugomvi tu." Lakini maneno yalikwisha kutoka, na majaji waliuliza swali moja: mama gani huyo anayeshindwa kusema huyu ni wangu? Wakapiga kura, nikashindwa. Kesho kutwa tunapelekwa Lavrio, kwenye machimbo ya fedha.

Nimekukasirikia, sikufichi. Si kwa kuniokota. Wale watoto watatu waliuawa na homa, Mama, miaka ile ile jirani walipozika wanne, na jirani hawakuapa chochote. Ungekuja. Na kama kweli miungu wangenichukua kwa kiapo kile, ningekufa kwenye mkeka wangu, na wewe ukiwa pembeni.

Lakini najua uliniogopea. Usiku wa kuamkia leo nimelijua hilo vizuri. Jina la baba wamenivua, silitumii tena. Hili nililobaki nalo, ninalolitia hapa chini, hawakuliuliza.

Mwanao

*

Lavrio, siku ya kumi na moja ya Thargelioni

Mwanangu Kefisio,

Nimekuja.

Nilipita Delfinio kwanza. Kuhani akasema kesi ilikwisha, hakuna aliyeniita. Nikaapa hivyo hivyo, mkono juu ya jiwe kwa kuwa kichwa chako hakikuwepo. Nikasema wewe ni mwanangu. Kisha nikangoja yanipate. Hakikunipata kitu. Niliona njaa tu, nikaenda kununua mkate, na ule mkate ndio ulioniliza.

Hapa wasimamizi hawajui majina ya watu. Leo ni siku ya nne nimekaa kwenye mdomo wa shimo. Wanaopanda wote wana rangi moja kwa vumbi, nami namwita kila mmoja kwa jina lako. Wengine wanaitika, kwa huruma tu.

Barua hii nampa mtu anayeshusha taa. Kama huna cha kuandikia, usihangaike. Mwambie yeyote anayepanda aseme "Mama" akifika juu. Nitajua ni mimi ninayeitwa.

Mama yako