Spika za Ngoy na Mama Mukwe

Dédé, sikia hii: Ngoy alikosa fundi, alikosa plani, alikosa hata ubao ulionyooka. Basi akapanga spika ndogo kumi na mbili, moja juu ya nyingine, kwenye ubao uliopinda wa mutumbwi wa zamani, saloni nzima ya nyumba yake isikie.

Mama mukwe wake, Ngoy alimukalisha mbali, mulangoni, kwa heshima: mukwe hakai karibu na mama mukwe. Alifikiri sauti itachoka njiani!

Akashika simu, alitaka kuweka wimbo wa kanisa. Kidole kikagusa ujumbe wa sauti ambao yeye mwenyewe alimutumia kaka yake: «Huyu mama mukwe anakula mpaka mifupa! Hata paka wetu amekonda!»

Hata paka, Dédé! Kumbe spika za ubao uliopinda zinafikisha sauti mulangoni sawasawa na karibu.

«Mukwe,» mama akasema, «nimesikia hata pumuzi yako. Kapinga mwanangu, funga nguo, muache huyu bwana na paka wake. Tunarudi kwetu Puta.»

Kapinga, muke wake, anaenda! Na mukwe haombi musamaha uso kwa uso. Ngoy akaandika: «Mama, mubakie. Paka aligonjwa tu.» Akafunga bahasha kwa bukari, ugali wa mezani, kama gundi, akaituma mulangoni, hatua nne tu.