Nilimchafulia Sekal Jina, Akaniokoa

Mama Gande mpendwa, nakuandikia huku binti yangu wa miezi minne amelala ndani ya bilum, mfuko wa kamba niliomsukia mwenyewe, mzima na mnene, na kila nikimtazama namshukuru Mungu, kisha namshukuru Sekal, kisha aibu inanishika mpaka natamani kujificha, ndiyo maana nakuomba unisaidie, kama unavyowajibu wengine wanaokuandikia.

Miaka miwili iliyopita zahanati ilitaka mwanamke mmoja wa kijiji chetu, huku milimani Simbu, afundishwe kuhudumia wajawazito, kwa kuwa zahanati yenyewe ni mwendo wa saa tano kwa miguu, na mimi niliyefika darasa la nane nilijua nitachaguliwa mimi, lakini wakamchagua Sekal, mjane anayesoma kwa kufuatisha kidole, basi wivu ukaniingia, nikaanza kuwanong'oneza wenzangu mtoni kwamba vidonge vyake vya zahanati vinafunga kizazi, maneno niliyoyatunga mwenyewe, Mama Gande, sikuyasikia kwa mtu, na wanawake wakayaamini, wakaacha kwenda kwake, wakaendelea kujifungulia vibandani bustanini kama bibi zetu.

Zamu yangu ya kujifungua ikafika. Mtoto alitoka salama na kondo la nyuma likatoka, lakini damu ikakataa kukoma, mama mkwe wangu akaingiwa na hofu, akamtuma mume wangu Bomai akimbie kwa Sekal, nami nikasema moyoni huyo haji, aje kwa lipi, lakini alikuja mbio, tope mpaka magotini, akaniwekea vidonge chini ya ulimi, akanikanda tumbo kwa nguvu mpaka nikapiga kelele.

"Nitukane tu, mdogo wangu," akasema, "mradi usilale."

Damu ikapungua. Akawaamuru wanaume wanibebe kwa machela hadi zahanati, yeye akitembea kando, mtoto kamkumbatia kifuani apate joto.

Tuliporudi Bomai alichinja nguruwe, nikampelekea Sekal paja zima. Alilipokea akicheka, akasema, "Asante kwa nyama, Elisi. Ila mimi nilikuwa nangoja wajawazito." Anajua ni mimi niliyewazuia, Mama Gande.

Sasa wifi yangu Dopa ana mimba ya miezi saba, nimemsihi aende kwa Sekal, ananijibu, "Si wewe uliyesema atanifunga kizazi? Niache." Nikisema ukweli, mama mkwe ataniita mwongo mbele ya ukoo mzima, na Bomai atashindwa kuinua uso. Nifanye nini?

Elisi, Simbu

Elisi mwanangu,

Nimefurahi mko hai, wewe na binti yako. Ile habari ya damu niliisoma nimesimama. Sasa kaa nikuseme. Unaogopa kuitwa mwongo? Wewe ni mwongo. Uliyatunga, ukayaeneza, na hujui kwa miaka hiyo miwili ni nani mwingine alitokwa damu bustanini asiitiwe mtu. Paja la nguruwe ni shukrani nzuri, lakini halikufuta neno hata moja.

Mwambie Bomai leo, asije akasikia kwa watu. Kesho nenda kwa Sekal, mwambie, "Ni mimi niliyesema," kisha nyamaza usikilize atakachokujibu, hata kikiwa kikali. Jumapili ibada ikiisha, kabla wanawake hawajatawanyika, simama ueleze ulisema nini, kwa nini, na nani alikukanda tumbo ulipokuwa unakufa. Usinong'one. Mama mkwe akikasirika, mkumbushe kwa heshima kwamba ni yeye aliyemwita Sekal. Akili hiyo ilikuokoa, na umshukuru mbele za watu.

Dopa usimsihi tena, mshike mkono uende naye kwa Sekal, naye awapeleke zahanati akapimwe. Mwezi wa mwisho akakae kwa jamaa walio karibu na zahanati, maana saa tano za mlima si za mwenye uchungu.

Najua utatetemeka. Tetemeka, lakini sema. Dopa amebakiza miezi miwili; isipite Jumapili hii.

Mama Gande