Kwa Mama Estrelita, Mwenye Blogu ya "Jina Langu Leo"

Mwaka umetimia, Mama, tangu Jumapili ile uliposema unajilaza kidogo kabla ya chakula, na hukuamka. Leo tumetoka misani, tumevua nguo nyeusi kama desturi inavyotaka, na nyumba imejaa watu na sahani za tambi za pansit. Wamekuja hata wale uliowashonea sare za shule wakiwa wadogo, na sasa wao wenyewe wana wajukuu. Kila mmoja anadai sare yake ilidumu kuliko ya mwenzake.

Ulikuwa mpole, lakini hukuwa mnyonge. Mteja akilalamika kwamba sketi inambana, ulimtazama juu ya miwani ukamwambia, "Sketi haijala chochote tangu nilipoishona, mwanangu." Akicheka, uliichukua ukaitanua bila kumdai kitu.

Jumapili zilikuwa zako. Ukitoka kanisani ulinunua budbud za ulezi, zingali za moto ndani ya majani ya mgomba, ukaketi mbele ya kompyuta kuukuu ya mwanao Rodel, ukaandika kwa vidole viwili mpaka kikombe chako cha chokoleti kikapoa. Saa hizo hukutaka kusemeshwa na mtu.

Uliianza blogu Baba Isko alipoanza kusahau. Uliiita "Jina Langu Leo", kwa sababu kila asubuhi alikupa jina jipya. Mara ulikuwa dada yake, mara mwalimu wake wa darasa la kwanza, mara dobi. Hukubishana naye. Uliandika: "Leo mimi ni dobi. Tumezungumza vizuri sana kuhusu shuka." Wasomaji walikuwa wachache, wengi wao wanawake wenye waume kama wako, waliotawanyika visiwani. Walikuita Nanay Litang, yaani Mama Litang. Hakuna aliyekuuliza jambo ukaacha kumjibu, tena kwa jina lake.

Marivic, kifungua mimba wako, aliona kazi nzuri inapotea gizani.

"Mama, nani anasoma blogu siku hizi? Watu wote wako kwenye mitandao ya kijamii. Weka video fupi tu, utaona."

"Nitaona nini?"

"Watu, Mama. Maelfu."

"Hao maelfu nitawakalisha wapi?"

Lakini ulimkubalia, maana hukuwa mtu wa kumnyima mtoto wako kitu. Akamrekodi Baba akikuuliza kama shuka zake zimekauka, nawe ukimjibu, "Bado, bwana, jua la leo limezembea." Haikupita wiki, nusu ya mji wa Dumaguete ilikuwa imeiona. Sokoni muuza samaki alikupigia kelele, "Dobi, njoo huku, nina mashati!" Ulicheka naye, ukanunua samaki. Ulipofika nyumbani ulimwambia Marivic aiondoe.

"Lakini wanakupenda, Mama."

"Wanacheka. Baba yenu hakuwa anachekesha. Alikuwa anauliza shuka."

Ukarudi kwenye blogu, na hukuiacha tena, hata baada ya kumzika Baba. Rodel alikutania kwamba wasomaji wako wote wanaenea kwenye bajaji moja na nafasi ya mzigo ikabaki. "Waenee," ulimjibu. "Mwenye mume kama baba yako hatafuti umati. Anatafuta la kufanya kesho asubuhi."

Tulipokuzika, Rodel huyohuyo ndiye aliyeikumbuka video ile. Alihofu watu wangeingia kwenye maandishi yako kutafuta kichekesho kingine. "Tuifunge, Dada," alimwambia Marivic. "Ibaki yetu, kama nguo zake kabatini." Sote tulikubali. Marivic akabonyeza, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuisoma ila sisi wa nyumbani. Tuliona tumekusitiri.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja alisimama langoni akiwa na mfuko wa mikate kutoka kisiwa cha Siquijor. Alikuwa ameulizia njia tangu bandarini.

"Samahani, mwanangu. Hapa ndipo kwa Nanay Litang, yule mshonaji?"

"Ndipo, mama yangu," Marivic alijibu. "Lakini ametutoka. Ni karibu mwaka sasa."

Yule mwanamke aliweka mfuko chini. "Ametutoka," alirudia polepole. "Kumbe hakukasirika."

"Akasirike kwa nini?"

"Ile blogu yake. Nikiifungua inaniambia ni ya walioalikwa tu, na mimi sikualikwa. Muda wote huu najiuliza nilimkosea nini."

Marivic alifungua lango. Alimshika mkono akamwingiza ndani. Jina lake Crispina, mmoja wa wale uliokuwa ukiwajibu kila Jumapili. Mumewe, Berto, naye anasahau, na mwaka huu aligoma kabisa kuoga. Crispina alikumbuka kwamba uliwahi kuliandika jambo hilo, ila hakukumbuka ulisema nini, na alipokwenda kutazama alikuta mlango umefungwa.

"Nikamvua shati kwa nguvu," alisema. "Akaponyoka, akaanguka. Mkono ulivunjika, na umeshapona. Lakini tangu siku ile ananiogopa. Kunisahau nilishazoea, mwanangu. Kuniogopa sijazoea."

Marivic alichukua simu akaifungua blogu palepale, akatafuta mpaka akalipata andiko lenyewe. Uliandika kwamba hukumwambia Baba aoge hata siku moja. Ulitundika futi ya kupimia shingoni, ukabisha hodi kwenye chumba chako mwenyewe, ukasema fundi amekuja kupima suti. Baba, aliyependa kupendeza, alivua shati mwenyewe. Nawe ukampangusa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, huku ukimpima kifua na mabega na kumsifu umbo. "Suti hii sasa ni mwaka wa tatu naishona," ulimalizia, "na mteja hajalalamika."

Crispina alisoma amesimama. Alicheka, kisha akakaa chini, akalia kwa muda mrefu. Marivic alikaa karibu naye, na aliyekuwa akimfikiria ni Berto, mtu asiyemjua, na mkono wake.

Jioni Rodel alikuwa bado na wasiwasi. "Na wakicheka tena, Dada?"

"Mgeni wetu amecheka leo, mbele yangu. Lakini alikuwa ameshasoma habari yote. Video yangu haikuwa na habari yote."

Rodel alichukua simu yake, akaenda nayo kibarazani akaanza kusoma. Baadaye tulimsikia akimwita mkewe aje asikilize.

Tangu siku hiyo blogu yako iko wazi, Mama. Baadhi ya wasomaji wamerudi. Wengine hawajarudi, na hatuna njia ya kuwapata, maana hatujui nyumba zao wala majina yao kamili. Hatujui ni asubuhi ngapi zilizowaharibikia kwa sababu sisi tulitaka kukusitiri. Hilo ndilo linalotuumiza leo, katikati ya chakula hiki na wageni hawa.

Juzi Crispina aliandika. Berto bado hamruhusu kumsogelea. Kila asubuhi Crispina anakaa mlangoni na futi shingoni, hasemi neno, anangoja aitwe. Anauliza angoje mpaka lini. Wewe ungejua la kumjibu. Marivic aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe alimwambia jambo moja tu, lile alilokuwa na hakika nalo: kwamba Nanay Litang hakuwahi kumkasirikia.

Unakumbukwa na wanao Marivic na Rodel, mkweo Analyn, wajukuu zako Jomar na Kristel, mdogo wako Perpetua wa Bais, majirani na wateja wako, na wasomaji wako, wa hapa na wa visiwani.

Hutatutoka moyoni, Mama, siku zote za maisha yetu.