Sahani ya Mjomba Firmin Ilirudi Kavu

Roquesourde, Périgord
Jumapili, tarehe 19 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Ghislaine,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Montreal? Goti lako linaendeleaje? Na Réjean, ameacha kupanda paa kukwangua theluji, au bado anajiona kijana? Maëlle amejifungua salama? Nasubiri habari za mtoto kila siku, na mtu wa posta ameshachoka kunitikisia kichwa.

Mimi mzima, ila mgongo, na mgongo wangu unaujua. Jozi zimeanza kuanguka wiki iliyopita, vidole vimekuwa vyeusi kwa maganda kama kila mwaka. Zabibu tumezivuna mapema, divai mpya inachemka kwenye mapipa, kijiji kizima kinanuka. Mama Peyrot amefunga duka lake la mikate. Sasa mkate unaletwa na gari kutoka mjini, na juu ya mkate huo heri ninyamaze.

Ghislaine, nakuandikia nikiwa na hasira. Nakwambia mapema usije ukashtuka. Barua ya kwanza niliichana, ya pili niliitia mekoni, na hii ya tatu itakwenda hata iweje. Ni habari ya mwanao Aurélien na Mjomba Firmin.

Nianze kwa kumpa mtoto haki yake. Alipokuja miaka miwili iliyopita akafungua tena mkahawa wa Baba, nililia kwa furaha, na nilikupigia simu ukanisikia. Ni mchapakazi. Paa halivuji tena. Wageni wanakuja kweli: asubuhi wanakwenda kutazama wanyama waliochorwa mapangoni, mchana wanakula kwetu, kisha wanapanda ngome wakiwa wameshiba na wanahema. Mimi niko jikoni, na sina ugomvi na wageni. Mtu ametoka mbali kuja kuonja bata wangu, nimchukie kwa lipi?

Lakini mwanao akaandika kijitabu. Humo mna maini ya bata bukini, mna uyoga mweusi unaochimbwa chini ya mialoni, mna ngome na makanisa, na mna divai yetu, ambayo eti ina harufu ya ngozi na moshi. Ngozi! Baba angesikia divai yake inanuka ngozi, angekwenda kukagua kama kuna panya amefia pipani. Glasi nazo zimekuwa kubwa, unaweza kumwogeshea mtoto. Haya yote niliyameza. Nikasema, mambo ya kisasa, Mauricette, funga mdomo upike.

Kisa chenyewe ni hiki. Unajua kwamba kila Alhamisi, saa sita kamili, Mjomba Firmin anakaa kwenye kiti kile cha kando ya meko. Ana miaka themanini na minane sasa. Hata mkahawa ulipokuwa umefungwa nilimpikia palepale, supu ya kitunguu saumu na kipande cha mkate mkavu chini ya sahani. Na unajua anavyoimaliza. Supu ikibaki kidogo, bado moto, analaza kijiko kifudifudi, anamimina divai nyekundu mpaka kijiko kizame, anazungusha, anainua sahani kwa mikono miwili na kunywa yote. Kisha anafuta masharubu. "Haya," anasema, "daktari na asubiri." Chabrot hiyo ya Mjomba, supu na divai yake, tumeisikia ikishuka kooni tangu hatujaota meno.

Mwisho wa Agosti lilikuja kundi la watu ishirini kutoka Paris. Alhamisi iliyotangulia mgeni mmoja alikuwa amekunja uso Mjomba alipokuwa anakunywa, na mwanao alimwona. Basi siku hiyo akaja jikoni mbio.

"Mama mkubwa, leo Babu Firmin ale huku jikoni."

"Kwa nini? Kiti chake kimevunjika?"

"Wageni hawajazoea mtu anayenywea kwenye sahani. Inaonekana si usafi. Ni leo tu, Mama mkubwa, nakuomba sana."

Si usafi! Mtu anayenyoa ndevu kila Alhamisi kwa ajili ya supu! Mtu aliyevaa shati jeupe kwenye meza ile kabla baba yake Aurélien hajazaliwa!

Basi Mjomba akahamishiwa jikoni, karibu na sinki la vyombo. Alikula polepole. Alisema supu ni nzuri. Chupa ilikuwa hapo, nilikuwa nimemsogezea mkononi kabisa. Hakuigusa. Alichukua ganda la mkate akafuta sahani hadi ikang'aa, akanirudishia. Ghislaine, sahani ya Mjomba ilirudi kavu. Tangu nimjue, sijawahi kuiona bila tone la divai. Akachukua kofia yake, akasema, "Asante, mwanangu," akatokea mlango wa nyuma, ule wa kuni.

Hajarudi tena. Hizi ni Alhamisi saba. Nampelekea supu kwake, nyuma ya kanisa, anakula nusu na kusingizia meno. Kurusha tufe uwanjani na wenzake ameacha. Mkanda wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari, nimeliona kwa macho yangu. Mzee anakwisha, na anakwisha kwa adabu, hamnung'unikii mtu, na hilo ndilo linalonitia wazimu.

Laiti mambo yangeishia hapo! Mwezi wa tisa mwanao kasoma mahali kwamba wasafiri wa siku hizi wanataka mambo ya asili. Akaajiri mwigizaji kutoka Bordeaux, mtu mzima wa miaka arobaini, akamvisha bereti, akamfunga kitambaa chekundu kiunoni, akambandika masharubu kwa gundi. Niambie, nani hapa Roquesourde umemwona na kitambaa chekundu kiunoni? Kila Jumamosi mtu huyo anasimama mbele ya meko na kupiga chabrot, na wageni wanampiga picha.

Na anaipigaje! Anamimina divai kwenye supu iliyojaa mpaka ukingoni, kijiko kimelala mezani kikavu! Na divai gani? Nyeupe. Ile tamu ya Monbazillac. Eti kwenye picha inang'aa. Divai tamu ndani ya kitunguu saumu, haki ya Mungu! Nilikuwa mlangoni na upawa mkononi, nikaurudisha jikoni upesi nisije nikautumia. Nao wakapiga makofi.

Kilichomfukuza mzee mezani Alhamisi ndicho kinachopigiwa makofi Jumamosi. Nimeligeuza hili kichwani usiku na mchana, sijaliona mguu wala kichwa.

Mwanao, kwa uso wake mkavu, akaenda kwa Mjomba kumwomba amfundishe yule mwigizaji. Ingekuwa mimi, angetoka na ufagio mgongoni. Mjomba alimkaribisha, akampa kiti, akamsikiliza. "Mwambie tu asubiri supu ipungue," akasema. Basi. Na hata hilo hawakulifuata.

Sasa sikia la jana. Katika wageni alikuwamo mama mmoja mtu mzima kutoka Strasbourg, mpole, mwenye fimbo. Baada ya makofi akamuuliza mwanao, "Na wazee wenyewe wa hapa, bado wanakunywa hivi?"

Aurélien akatabasamu. "Ah, mama, wale wa zamani wameshakwisha. Sisi tumebaki na kumbukumbu."

Wameshakwisha! Mimi nimesimama pale na keki ya jozi mikononi, jozi alizozivunja Mjomba kwa mikono yake wiki ileile! Sikujua nimeiweka wapi keki. Nilijisikia tu napiga kelele: "Mmoja hajakwisha! Yuko nyuma ya kanisa, mkitoka hapa ni dakika tano! Anakula supu iliyopoa kwa sababu ninyi mnakula yake!"

Yule mwigizaji akajibandua masharubu, nadhani kwa aibu, na sharubu moja ikamng'ang'ania mdomoni. Siku nyingine ningecheka.

Mwanao alinivuta jikoni, uso mwekundu. "Mama mkubwa, umenidhalilisha mbele za watu. Mkahawa huu Mama aliniachia mimi. Ukirudia, jiko nitampa mtu mwingine."

Ghislaine, ulisema hivyo? Baba alituachia sisi wawili, na karatasi ninayo kabatini. Nataka jibu lako, na usinijibu kwa kadi ya maua.

Nilivua aproni nikaenda moja kwa moja kwa Mjomba. Alikuwa amekaa mezani na nyundo yake, anavunja jozi. Nilimsema mwanao, nikakusema na wewe kidogo, utanisamehe, nikawasema Paris na Bordeaux na magazeti yote. Mjomba alivunja jozi, akatenga nzima na zilizovunjika, mpaka nikaishiwa pumzi.

Ndipo akasema, "Kijana kakulia Kanada, Mauricette. Hajui." Akavunja nyingine. "Wewe unajua."

Nilikaa pale nikitazama maganda.

Maana kuna jambo sijakwambia, nimelizunguka barua nzima. Nimeandika kwamba Mjomba alihamishiwa jikoni. Alihamishwa na nani? Mwanao aliomba tu, akarudi kupokea wageni. Mjomba alikuwa ameshakaa, kitambaa amekwisha kukichomeka shingoni, supu iko mbele yake inafuka moshi. Ni mimi niliyeiondoa ile sahani mbele yake, kwa mikono hii, nikamwambia, "Njoo jikoni, Mjomba, huku kuna joto zaidi." Joto, mwezi wa Agosti! Akanitazama. Akainuka, akaifuata sahani yake, kitambaa bado shingoni, akipita katikati ya wageni.

Nilimwonea aibu, Ghislaine. Si kwa muda mrefu, ni kutoka mekoni mpaka kwenye sinki, hatua kama kumi na mbili. Lakini hatua zote hizo nilimwonea aibu, naye alikuwa nyuma yangu na alijua. Nimemfokea mwanao wiki saba kwa kosa nililolifanya mimi.

Basi nimeamua. Alhamisi hii wanakuja wageni ishirini na wanne. Saa sita kamili nitaweka sahani kando ya meko, mbele yao wote, na kitambaa, na chupa ya nyekundu. Nimemwambia Mjomba, naye hakusema ndiyo wala hapana. Asipokuja, nitaiweka Alhamisi nyingine. Barua hii itakapokufikia, mambo yatakuwa yameshatokea, na huenda jiko likawa na mwenyewe mpya. Kwa hiyo sikuombi ruhusa.

Ninakuomba jambo moja tu. Mpigie simu mwanao umweleze siku ulipoondoka. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, basi la kwenda Bordeaux lilikuwa linapiga honi nje, na wewe umeng'ang'ania mlango unalia. Wasichana hatukuruhusiwa kupiga chabrot, na Mama alikuwa anaangalia. Mjomba akazungusha sahani yake, akakupa wewe umalizie. Ulikunywa yote. Divai ikakudondokea kwenye ile blauzi nyeupe ya safari, na Mama akakufutia tu kwa aproni yake. Ulikwenda Kanada na lile doa.

Jana nilimuuliza Aurélien kama anaijua habari hiyo. Hakuijua. Hakuna aliyemwambia. Nikasema moyoni, basi tuko wawili tuliojua tukaacha kumwambia.

Nisalimie Réjean, na Maëlle na mumewe, na huyo mdogo kama ameshafika duniani, mbusu kwenye unyayo kwa niaba yangu. Msalimie pia mama mkwe wako, mwambie kwamba maganda ya mti wa jozi aliyoyataka kwa chai nimeshayakausha. Binamu Léonce anakusalimu sana, ng'ombe wake wamepona. Mungu awatunze, awape kuni za kutosha na watu wa kuketi nao mezani.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekasirika,

Mauricette

Nilikuwa nalamba bahasha nikamsikia mtu anakohoa kwenye ua. Ni Mjomba, na fimbo yake. Hakutaka kuingia. Ameuliza tu Alhamisi ni supu gani.